Kutoka Neno hadi Sentensi: Historia ya Vishazi katika Sarufi ya Kiingereza

Mwanafunzi wa sekondari anayefundishwa leo kwamba sentensi za Kiingereza ni sahili, ambatano au changamano hupewa mgawanyo huo kana kwamba umekuwapo tangu lugha hiyo ilipoanza kuandikwa, ilhali umri wake darasani haujatimiza miaka 200. Sarufi ya kwanza ya Kiingereza ilichapwa mwaka 1586, lakini zoezi la kuivunja sentensi katika vishazi halikuenea katika shule za Uingereza hadi katikati ya karne ya 19, na lilipofika lilitoka Ujerumani, likiletwa na mkaguzi wa shule aliyekuwa amesomea falsafa. Kwa zaidi ya miaka 250 kabla ya hapo, aliyefundisha sarufi ya Kiingereza alishughulika hasa na neno moja moja.

Istilahi zenyewe zinahitaji kuwekwa wazi kabla ya kuendelea. Kishazi ni kifungu cha maneno chenye kitenzi na kilicho sehemu ya sentensi; kikiweza kujitosheleza kimaana huitwa kishazi huru, na kikihitaji kuegemea kingine huitwa kishazi tegemezi. Sentensi sahili ina kishazi huru kimoja, sentensi ambatano huunganisha vishazi huru viwili au zaidi ambavyo hakuna kinachokitawala kingine, na sentensi changamano huwa na kishazi huru pamoja na tegemezi angalau kimoja. Mgawanyo huu wa kimuundo ni tofauti na ule wa kimatumizi, unaozitenga sentensi za taarifa, za swali, za amri na za mshangao, ambao ni wa kale zaidi: katika karne ya 5 kabla ya Kristo Protagoras, mwalimu wa Kigiriki wa ufasaha, alikwisha kuigawa kauli katika ombi, swali, jibu na amri.

Wagiriki na Warumi waliifahamu sentensi vizuri, ila hawakuiweka mikononi mwa mwanasarufi. Aristotle aliyetenganisha kile kinachosemwa na kile kinachosemewa, yaani kiarifu na kiima, alifanya hivyo kwa ajili ya mantiki, na ndiyo maana alijishughulisha na kauli zinazoweza kuwa kweli au uongo tu, akisema kwamba dua nayo ni kauli lakini haina ukweli wala uongo, kwa hiyo wa kuichunguza ni mwingine. Sarufi fupi inayohusishwa na Dionysius Thrax, ya karibu mwaka 100 kabla ya Kristo, inaitaja sentensi kwa haraka na kisha inatumia sehemu kubwa ya kurasa zake kueleza aina nane za maneno. Priscian, aliyefundisha Kilatini katika mji wa Constantinople karibu mwaka 500, aliandika vitabu 18 vya sarufi, na kati ya hivyo ni viwili vya mwisho tu vinavyohusu namna maneno yanavyopangwa pamoja.

Mafundi wa hotuba nao walikuwa na sentensi yao, iliyopimwa kwa pumzi na sikio. Kwao kauli ndefu iliyokamilika ilikuwa na viungo vikubwa na vidogo, na majina ya Kigiriki ya viungo hivyo ndiyo yaliyobaki kuwa majina ya alama za uandishi zinazoviachanisha. Mazoea hayo yalidumu hata baada ya uchapaji kuingia Uingereza, kiasi kwamba sarufi ya mshairi Ben Jonson, iliyotolewa mwaka 1640 baada ya kifo chake, bado inazieleza alama hizo kwa kuzihusisha na haja ya msemaji kuvuta pumzi. Msomaji anayefungua kitabu cha Kiingereza cha wakati huo na kushangazwa na sentensi inayojaza ukurasa mzima hana budi kukumbuka kwamba mwandishi hakuwa akihesabu vitenzi.

William Bullokar, aliyetoa ile sarufi ya 1586, alikuwa na lengo moja kubwa, nalo ni kuonyesha kwamba Kiingereza kina kanuni kama Kilatini. Kwa sababu hiyo aliifuata sarufi ya Kilatini iliyobeba jina la William Lily, ambayo Mfalme Henry wa Nane alikuwa ameiamuru itumike katika shule zote, na ndani ya kielelezo hicho mpangilio wa maneno ulimaanisha hasa upatanisho: nomino na kitenzi chake, kivumishi na nomino yake. Kiingereza kina viambishi vichache sana vya upatanisho, hivyo sehemu ya mpangilio wa maneno ilikuwa na machache ya kusema. Mtaalamu wa hisabati John Wallis aliliona tatizo na kusisitiza, katika sarufi aliyoitoa mwaka 1653, kwamba Kiingereza kisivishwe vazi la Kilatini, ingawa kitabu chenyewe alikiandika kwa Kilatini.

Hatua iliyobadili mambo ilichukuliwa Ufaransa. Mwaka 1660 Antoine Arnauld na Claude Lancelot, waliokuwa katika jumuiya ya kidini ya Port-Royal, walitoa sarufi waliyoikusudia ifae lugha zote, na ndani yake wakachukua kauli inayosema kwamba Mungu asiyeonekana aliumba ulimwengu unaoonekana, wakaonyesha kwamba akili inayoitamka inapitisha hukumu tatu: Mungu haonekani, Mungu aliumba ulimwengu, ulimwengu unaonekana. Hukumu ya pili ndiyo ya msingi, na zile mbili nyingine zimechomekwa ndani yake, moja katika kiima na nyingine katika kiarifu. Hapo ndipo wazo la kishazi tegemezi linapoonekana waziwazi kwa mara ya kwanza likiwa kanuni ya sarufi, na linafaa kuangaliwa kwa makini kwa kuwa lilizaliwa kutokana na swali la mantiki, la nini kinachothibitishwa na nini kinachochukuliwa kuwa kimekwisha kukubaliwa. Umbo la maneno lilikuwa la pili.

Uingereza ililipokea wazo hilo polepole. Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa Askofu wa London, alitoa mwaka 1762 sarufi fupi ambayo mwanzoni haikuwa na jina lake, na ndani yake akasema kwamba sentensi sahili ina kiima kimoja na kitenzi kimoja chenye njeo, na kwamba sahili mbili au zaidi zikiunganishwa hutoa sentensi ya namna ya pili. Kwake aina zilikuwa mbili tu, na kile kinachoitwa leo changamano kilikuwa kimefichwa ndani ya hiyo ya pili. Vizazi vilivyofuata vimemkumbuka Lowth kwa makatazo, hasa lile la kutomaliza sentensi kwa kihusishi, ijapokuwa alipolitaja jambo hilo alifanya mzaha kwa kuikiuka kanuni hiyohiyo katika sentensi yake mwenyewe. Inasahaulika kwamba sifa yake kubwa ya kitaalamu ilikuwa nyingine: katika mihadhara yake juu ya ushairi wa Kiebrania, iliyochapwa mwaka 1753, alieleza jinsi mistari ya Zaburi inavyojengwa kwa vifungu viwili vinavyojibizana. Aliyezoea kusikiliza vifungu vikijibizana kwa Kiebrania alikuwa na sababu ya kuvitafuta katika Kiingereza pia.

Kitabu kilichotawala madarasa baada ya Lowth kilikuwa cha Lindley Murray, mwanasheria wa Marekani aliyehamia karibu na mji wa York kwa sababu ya afya, na aliyekiandika mwaka 1795 kwa ombi la walimu wa shule ya wasichana. Murray alikusanya zaidi kuliko alivyobuni, na zoezi aliloliimarisha lilikuwa la kuainisha maneno. Mtoto aliyepewa sentensi kama "The boys were running", yaani wavulana walikuwa wakikimbia, alitakiwa kusimama na kutaja kwamba neno la kwanza ni kibainishi, la pili ni nomino ya kawaida, ya jinsi ya kiume, nafsi ya tatu, wingi, katika hali ya kiima, kisha aendelee na kitenzi kwa njeo, hali, nafsi na idadi. Sifa nyingi kati ya hizo hazionekani popote katika neno la Kiingereza lenyewe. Zililetwa kutoka Kilatini na mtoto alizikariri. Hata hivyo zoezi lilikuwa rahisi kusahihisha, na jambo hilo lilimfaa mwalimu mwenye darasa la watoto wengi.

Mageuzi yalitoka kwa mtu ambaye hakuanza kama mwalimu wa lugha. Karl Ferdinand Becker alikuwa daktari wa tiba katika mji wa Offenbach, Ujerumani, na alipoanza kufundisha aliitazama lugha jinsi alivyokuwa ameutazama mwili, yaani kitu kizima ambacho kila kiungo chake kina kazi. Katika vitabu vyake vya 1827 na kuendelea alisema kwamba sarufi ianze na sentensi kwa kuwa ndiyo inayobeba wazo, na neno lielezwe kwa kazi linayoifanya humo. Kutokana na msingi huo akapata kanuni moja nyepesi: kila kishazi tegemezi ni neno lililotanuliwa.

Kanuni hiyo inaeleweka vizuri zaidi kwa mifano ya Kiingereza. Katika "The guilty man fled", mtu mwenye hatia alikimbia, kivumishi kinaweza kutanuliwa na kuwa "The man who was guilty fled", mtu ambaye alikuwa na hatia alikimbia. Kilichoongezeka ni kishazi kinachofanya kazi ya kivumishi. Katika "We expected his return", tulitarajia kurudi kwake, nomino inatanuliwa na kuwa "We expected that he would return", tulitarajia kwamba angerudi, na hapo kishazi kimeshika nafasi ya nomino. Katika "We left at sunset", tuliondoka wakati wa machweo, kielezi kinatanuliwa na kuwa "We left when the sun set", tuliondoka jua lilipokuchwa. Basi vishazi tegemezi ni vya aina tatu, vya nomino, vya kivumishi na vya kielezi, na mwalimu anayeijua orodha ya zamani ya aina za maneno hahitaji kujifunza istilahi nyingi mpya. Urahisi huo ndio ulioipa kanuni nguvu, na ndio pia udhaifu wake, kwa maana vishazi vya matokeo na vya ulinganisho, kama katika "He ran so fast that he fell", alikimbia mbio hata akaanguka, havina neno moja ambalo vimelitanua, na waliomfuata Becker walilazimika kuvitupa vyote katika kapu la vielezi.

Aliyeivusha kanuni hiyo hadi Uingereza alikuwa John Daniel Morell, mchungaji wa zamani aliyesoma Bonn, akaandika historia ya falsafa ya Ulaya, na mwaka 1848 akateuliwa na serikali kuwa mkaguzi wa shule. Mwaka 1852 alitoa kitabu cha kufundishia uchanganuzi wa sentensi, akikiri kwamba anaufuata mpango wa Becker, na humo ndimo aina tatu, sahili, changamano na ambatano, zilipopangwa kwa ajili ya shule za Kiingereza. Morell aliamini kwamba mtoto wa mfanyakazi asiyeweza kupelekwa kusoma Kilatini angeweza kupata nidhamu ileile ya akili kwa kuichambua lugha yake mwenyewe. Wakati ulikuwa mwafaka, kwani tangu 1846 serikali ilikuwa ikiwagharamia vijana wanaojifunza ualimu shuleni na kuwatahini, na mtihani ulihitaji swali ambalo jibu lake lingewekwa katika safu: kiima, nyongeza ya kiima, kitenzi, shamirisho, yaani kinachotendwa, na chagizo, yaani maelezo ya wakati, mahali au namna. Jedwali la uchanganuzi lilijibu haja hiyo barabara. Pale serikali ilipoanza mwaka 1862 kuzilipa shule kulingana na matokeo ya kusoma, kuandika na hesabu, sarufi ilipungua kwa kuwa haikuleta fedha. Ilipofanywa mwaka 1875 kuwa somo linaloweza kuliletea darasa ruzuku, ilirudi, na jedwali likarudi nalo.

Marekani ilishika njia ya michoro. Stephen Clark, mwalimu katika jimbo la New York, alitoa mwaka 1847 sarufi iliyoweka kila neno ndani ya duara la yai na kuyaunganisha mayai hayo, lakini sentensi ndefu ilitoa mchoro uliofanana zaidi na rundo la viazi kuliko na wazo. Mwaka 1877 Alonzo Reed na Brainerd Kellogg, waliofundisha Brooklyn, waliyaondoa mayai wakabakiza mistari. Kiima na kitenzi hukaa juu ya mstari mmoja mlalo, vikitenganishwa na mstari wima unaoukata ule mlalo hadi chini. Shamirisho hufuata, ikitengwa na mstari wima mfupi unaoishia juu ya ule mlalo. Vivumishi na vielezi huning'inia chini kwa mistari ya mshazari, na kishazi tegemezi hupata mstari mlalo wake, uliofungwa kwenye ule mkuu kwa vitone. Tofauti kati ya mstari unaokata na usiokata inaonekana ndogo, ila ndiyo inayomfundisha mtoto kwamba mpaka mkubwa wa sentensi uko kati ya kiima na kiarifu. Michoro hiyo ilitumika katika shule za Marekani kwa karibu karne nzima, na mwandishi Gertrude Stein alisema akiwa mtu mzima kwamba kuichora kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomsisimua zaidi shuleni.

Wakati walimu wakizidi kuwa na uhakika, wataalamu walizidi kutilia shaka. Mjerumani John Ries alikusanya katika kitabu cha 1931 fasili za sentensi zipatazo 140, na hakuna iliyowaridhisha wote. Ile ya jadi, kwamba sentensi ni wazo kamili, ilikuwa dhaifu hasa, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema wazo linakamilika lini bila kuitazama sentensi yenyewe. Charles Fries wa Chuo Kikuu cha Michigan aliamua kuacha maana na kusikiliza: kitabu chake cha 1952 kilitegemea mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa kwa takriban saa 50, yenye maneno yapatayo 250,000, na alizitambua sentensi kwa namna mzungumzaji wa pili alivyozijibu. Miaka mitano baadaye Noam Chomsky alitoa Syntactic Structures, ambamo sentensi huzalishwa kwa kanuni na kuonyeshwa kwa mchoro wa matawi, na kishazi kilicho ndani ya kingine kikaonekana kuwa kitu cha msingi, kwa vile ndicho kinachoifanya lugha isiwe na sentensi iliyo ndefu kuliko zote. Wazo la Port-Royal lilirudi, na Chomsky mwenyewe aliwataja Wafaransa hao kuwa watangulizi wake.

Shuleni mambo yaligeuka. Ripoti ya Braddock na wenzake, iliyotolewa Marekani mwaka 1963, ilihitimisha kwamba kufundisha sarufi rasmi hakuboreshi uandishi wa wanafunzi, na pengine kunaudhuru kwa kula muda wa kuandika. Nchini Uingereza uchanganuzi ulikwisha kufifia katika shule nyingi kufikia miaka ya 1960. Kizazi kizima cha walimu kilikua bila kuujua, na hao ndio walioombwa kuufundisha upya pale watoto wa mwaka wa mwisho wa shule za msingi za England walipoanza, Mei 2013, kufanya mtihani wa taifa wa sarufi.

Katika makoloni jedwali la Morell liliishi maisha marefu zaidi kuliko Uingereza kwenyewe. J. C. Nesfield, ofisa wa elimu nchini India, alikitoa kitabu chake kikubwa mwaka 1898, na katika miaka ya 1930 P. C. Wren, anayejulikana zaidi kwa riwaya za askari wa jangwani, alishirikiana na H. Martin kutoa kingine ambacho hadi leo kinachapwa upya huko. Afrika Mashariki iliingia katika mkondo huohuo kupitia mitihani ya Cambridge, na walimu waliosomeshwa kwa njia hiyo ndio walioandika baadaye sarufi za Kiswahili kwa ajili ya shule. Kabla yao, mmisionari Edward Steere, katika kitabu chake cha 1870 kuhusu Kiswahili cha Unguja, alikuwa bado anakwenda aina moja ya maneno baada ya nyingine kama Murray. Kufikia 1999 Massamba, Kihore na Hokororo walikuwa na kitabu kizima, Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu, kilichojengwa juu ya tungo. Kati ya vitabu hivyo viwili ndipo uchanganuzi kwa majedwali, mishale na matawi ulipojiimarisha katika mitihani ya Kiswahili.

Jedwali lililoundwa kwa Kijerumani na kuzoeshwa Kiingereza lina safu ya kiunganishi, kwa kuwa katika lugha hizo kishazi tegemezi kwa kawaida hufunguliwa na neno linalojitegemea. Kiswahili mara nyingi hukiweka kiungo hicho ndani ya kitenzi: katika "mtoto aliyelia amelala" utegemezi uko katika "-ye-", katika "nikimwona nitamwambia" uko katika "-ki-", na mwanafunzi anayejaza safu ya kiunganishi huiacha tupu ilhali kiunganishi kipo machoni pake. Ugumu huo ndio unaoeleza pia kwa nini vitabu vingi vya Tanzania vimeongeza aina ya nne, sentensi shurutia, kwa ajili ya tungo zenye "-nge-" na "-ngali-". Kwa kipimo cha Morell hiyo ni sentensi changamano ya kawaida yenye kishazi tegemezi cha kielezi. Lakini katika "ungekuja ungemkuta" vitenzi vyote viwili vimebeba alama ileile, kiasi kwamba umbo halionyeshi kipi ni huru na kipi ni tegemezi, na waliouongeza mgawanyo huo waliona kitu ambacho jedwali la 1852 halina mahali pa kukiandika. Hoja yao ni ya haki, na inafaa iendelezwe hadi kwenye virejeshi na "-ki-" badala ya kuachwa kama nyongeza mwishoni mwa orodha ya Kiingereza.